Kaa Nyumbani Kwanza



Mwezi huu twapenda kusema juu ya mtu anayeambiwa na tajiri wake: "Kaa nyumbani kwanza, kazi ikirudi tutakuita."

Kwetu Shinyanga na Geita hii si habari ya mbali. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia yasipelekwe nje, na Septemba mwaka ule ule kukatangazwa kupunguzwa kazi katika mgodi wa Bulyanhulu. Uchimbaji wa chini ya ardhi haukuanza tena mpaka 2020. Je, "kwanza" ya miaka mitatu ni ipi kwa mtoto anayelilia uji?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumwacha tajiri akate shauri peke yake: yampasa kutoa taarifa, kueleza sababu, na kushauriana jinsi ya kuepusha au kupunguza madhara hayo. Na juu ya sheria hiyo iko amri ya kutimiza mapatano, iliyofungua Suratul Maida, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayemtumikisha mtu kisha akamnyima ujira, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu yake Siku ya Kiyama.

Basi enyi matajiri, hasara isianzie kwa mnyonge. Nanyi vijana, msitie saini karatasi msiyoisoma. Ulizeni, na mjibiwe kwa maandishi, kama ni likizo au ni mwisho wa kazi. Nanyi wenye nyumba na maduka, mdaiwa mwenye dhiki mpeni muda, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara.

Wabillahi Tawfiq.