Maji ya Chini ni Mtungi Mmoja

Hapa Juba husemwa kwamba mji uliokaa kando ya mto Nile hauwezi kupata shida ya maji. Mimi sikubaliani na maneno hayo. Katika mitaa iliyo mbali na mto, kama Gudele, watu wengi hutegemea visima, au hununua maji ya gari la tangi.

Mtaani kwetu tulikuwa na kisima kimoja cha pampu ya mkono. Jirani mmoja akachimba chake, kirefu zaidi, akatia mashine. Mwingine akamfuata, akawa anamwagilia bustani ya sukuma na bamia mchana kutwa. Kilipofika kiangazi, pampu yetu ikatoa hewa tu. Mama zetu wakaanza kununua maji waliyokuwa wakiyateka bure. Hakuna aliyeiba, walakini maji yalihama.

Huu si uchawi. Juba imekaa juu ya mwamba mgumu, kama ule tunaouona Jebel Kujur. Maji hukaa katika nyufa za mwamba huo, na katika mawe yaliyolainika juu yake. Mvua huyajaza polepole. Mashine huyatoa upesi. Ua wa shamba hugawanya ardhi juu, lakini chini hakuna ua.

Tutazame pwani ya Batinah, nchini Oman. Wakulima wa huko walikuwa wakivuta maji visimani kwa nguvu za wanyama, na mnyama huchoka. Tangu miaka ya 1970 mashine zilienea, nazo hazichoki. Maji matamu yalishuka, maji ya bahari yakaingia mahali pake, na mashamba mengi yakaharibika kwa chumvi. Katika nchi hiyo hiyo iko mifereji ya kale iitwayo aflaji, ambayo maji yake hugawanywa kwa zamu. Mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na bado inatoa maji.

Wengine watasema tungoje maji ya bomba. Na yaje! Lakini mpaka yafike kila nyumba, tutakunywa nini?

Maoni yangu ni haya. Kila kisima kiandikwe, pamoja na kina chake. Kisima kipya kisichimbwe karibu mno na cha zamani. Wakati wa kiangazi bustani zimwagiliwe jioni, kwa zamu, na maji ya kunywa yatangulie. Nasi wanafunzi tunayo kazi: kila Jumamosi tupime kwa kamba safi kina cha maji katika kisima kilicho wazi, tuandike daftarini. Baada ya miaka miwili tutawapelekea wazee hesabu, si manung'uniko.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na buyu hili ni letu sote.

Mwanafunzi wa Zamani, Juba