Picha za Mgonjwa Zisitegemee Waya Mmoja

Kipimo kimoja cha CT-Scan huweza kutoa picha mia kadhaa. Picha moja ya nukta 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti. Picha 500 za mgonjwa mmoja hufikia megabaiti 250 hivi. Si ajabu basi kwamba diski zilizo ndani ya seva za hospitali hujaa mapema. Ndipo hospitali hununua ghala la diski la nje na kuliunganisha na wingu binafsi, yaani kundi la seva zake yenyewe zinazogawana kazi. Hatua hiyo ni njema, lakini ni kosa kuwaachia mafundi peke yao.

Katika OpenStack, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace, uunganishaji huo husimamiwa na sehemu iitwayo Cinder. Fundi huipa Cinder programu kiendeshi inayolingana na ghala, anwani ya ghala, na akaunti ya kuliingia. Cinder hutenga nafasi ghalani na kuzikabidhi kwa seva zinazohitaji. Seva moja ikiharibika, picha hubaki ghalani na seva nyingine huzichukua.

Hata hivyo, kilichokuwa kimetawanyika sasa kimekusanywa mahali pamoja. Ghala likifikiwa kwa waya mmoja, kukatika kwa waya huo humnyima daktari picha za wagonjwa wote. Kwa hiyo njia ziwe mbili, kila moja na swichi yake.

Hatari kubwa zaidi ni kudhani kwamba ghala ni nakala rudufu. Mpangilio wa RAID huokoa data diski moja inapokufa. Hauokoi faili iliyofutwa kwa bahati mbaya wala iliyofungwa na wahalifu wa mtandao. Mwezi Mei 2017, shambulio la WannaCry lilisababisha maelfu ya miadi ya wagonjwa kufutwa nchini Uingereza. Nakala rudufu ikae mahali pengine, mbali na akaunti zinazoendesha ghala.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Taarifa za afya hazilindwi kwa karatasi za sera pekee. Kabla ya picha za wagonjwa kuhamishiwa ghalani, waya mmoja uchomolewe makusudi, na picha ya majaribio irejeshwe kutoka kwenye nakala mbele ya daktari na mtaalamu wa radiolojia. Isiporejea, uhamisho usubiri.

Gharama ya kupuuza jaribio hilo humwangukia mgonjwa: hupimwa upya, hulipa upya, hupigwa mionzi upya, na daktari hukosa picha ya zamani ya kulinganisha kama uvimbe umekua. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya picha huoza isipokaguliwa.