Gari Likigonga Usilinyamazishe

Wapo wenzetu hapa skuli wanaoona kwamba mtu akishafika Kidato cha Tatu hana haja tena ya kujua chini ya gari kuna nini. Kazi ile, husema, ni ya wasiosoma. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na nitaeleza sababu yangu, kwani jambo lenyewe limeingia nyumbani kwetu mwaka huu, na lilikuwa karibu kutuondoa duniani.

Sisi tunakaa Mkunazini, ndani ya vichochoro ambavyo gari haipiti, kwa hivyo gari ya baba hulala uwanjani kwa ami yangu, Kikwajuni. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1997, imenizidi umri kwa miaka mingi. Kila mwezi hutupeleka Makunduchi kwa bibi. Aliyepita njia ile anajua kwamba ukishaiacha Tunguu unafika msitu wa Jozani, na pale barabarani yamewekwa matuta ili kima punju wavuke bila ya kugongwa. Ni matuta ya haki kabisa. Lakini gari kongwe ikiyapanda, kila kilicholegea husema.

Yetu ilisema "ko, ko, ko" mbele upande wa kushoto. Baba akaipeleka kwa fundi mmoja. Fundi akaona kwamba boljointi imelika. Kwa msomaji asiyekijua, hicho ni kifundo cha chuma chenye kichwa cha mviringo kama gololi, kinachozunguka ndani ya kikombe chake, na ndicho kinachoifunga miguu ya gurudumu kwenye mkono wa chuma ulio chini. Fundi yule hakuibadilisha. Alikata kipande cha mpira wa tairi, akakishindilia ndani ya kikombe pamoja na grisi, akafunga. Sauti ikanyamaza. Baba alifurahi, maana alilipa pesa kidogo, na sote tulisema fundi ni hodari.

Baada ya wiki mbili tulikuwa tunarudi Makunduchi usiku, watu watano ndani ya gari, bibi yuko kiti cha mbele. Tulipita Jozani, tukapita Tunguu, tukaingia mjini salama. Pale penye mlango wa uwanja wa ami, baba alipokata usukani kuingia, boljointi ilichomoka. Gurudumu likalala nje, gari ikaanguka kwa ubavu wa mbele, na ekseli ya upande ule ikatoka pahala pake. Mwendo wetu wakati ule haukuzidi wa mtu anayetembea. Hakuna aliyeumia. Bibi aliuliza tu, "Tumefika?" Lakini mimi sikulala usiku ule. Nilikuwa nikifikiri: jee, ingechomoka nusu saa nyuma, tulipokuwa tukienda kasi barabarani na lori linatujia mbele?

Ndipo nilipofahamu neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Kelele ya gari si ugonjwa. Ni khabari ya ugonjwa. Fundi yule hakuuponya ugonjwa, alimziba mdomo mleta khabari. Kama angetuachia kelele zetu, tungeendelea kuogopa, na mwenye kuogopa huenda polepole na hutafuta dawa. Yeye alitupa utulivu wa uwongo, na utulivu wa uwongo ni mbaya kuliko kelele.

Katika mji wetu hatuna udhuru wa kutolijua hili. Sote tunalijua Jumba la Ajabu pale Forodhani, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati lilipokuwa katika matengenezo, upande wake mmoja uliporomoka na watu wawili wakafariki. Sisemi kwamba nyumba na gari ni kitu kimoja. Nasema kwamba vyote viwili hushikwa na vitu visivyoonekana na mpita njia, na rangi nzuri haimwambii mtu kitu. Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi ami, baba na mimi tuliamua kuitengeneza gari wenyewe pale uwanjani. Baba alitaka tununue boljointi moja tu, ya kushoto. Nikamwambia, "Samahani, baba. Ya kulia imetembea njia ile ile, imepanda matuta yale yale, imekula chumvi ile ile." Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya mwanangu, tununue mbili." Tulinunua mpya. Ya mtumba huwezi kujua imebakiwa na umri gani, na ikiwa pesa ni chache, afadhali gari ilale uwanjani mwezi mzima kuliko kutembea na kifundo cha kubahatisha.

Kazi ilituchukua siku mbili, na nusu ya siku ya kwanza tulipigana na kutu. Kisiwani kwetu hewa yenyewe ina chumvi, na ukiongeza vumbi la mawe ya shamba na maji ya masika, nati hushikana na bolti kama ndugu. Tulizitia mafuta, tukaziacha zilale, na asubuhi zilikubali. Mpira unaoifunika boljointi ya kulia tulikuta umepasuka, na ndani grisi imegeuka mchanga mweusi. Darasani tunafundishwa msuguano. Pale niliushika kwa vidole. Ile ekseli tuliibadilisha pia, baada ya kumwaga kwanza mafuta ya giaboksi, na mwisho tukayatia mengine.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii nyumbani nina maneno machache. Kwanza, usiingie chini ya gari iliyosimama juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali ya saruji, kwani tofali hupasuka ghafla bila ya kuaga. Tafuta stendi za chuma, na uzibe magurudumu yaliyobaki chini kwa kabari. Pili, jua unachokitafuta. Litikise gurudumu lililonyanyuliwa kwa kulishika juu na chini. Likicheza, mwambie mwenzio akanyage breki. Uchezaji ukitoweka, basi iliyolika ni beringi, na ukibaki, tazama boljointi. Likicheza ukilishika kushoto na kulia, tazama vifundo vya usukani. Tatu, pini ya kufungia nati iwe mpya, na tundu lisipolingana kaza mbele kidogo, usilegeze nyuma. Nne, kama umebadilisha bushi za mpira, zikaze mara ya mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, ama sivyo mpira utakaa umejipinda na utachanika upesi. Mwisho, ipeleke gari ikapimwe magurudumu kama yamenyooka, kwani tairi zilizopinda huliwa upande mmoja.

Na mtu ajue pa kusimama. Springi ya mbele iliyobanwa pamoja na shokapu yake ina nguvu ya kuua ikifyatuka. Asiye na chombo cha kuibania na aliyemfundisha kukitumia, aipeleke kwa fundi. Kukubali hivyo si woga. Mafundi wazuri wapo wengi Unguja, na mimi sikuandika haya kuwatukana. Aliyetengeneza gari yake mara moja hujua kumheshimu fundi wa kweli, na hujua pia swali la kumuuliza yule mwengine: "Umebadilisha kifaa, au umeinyamazisha?"

Wazazi wetu nawaomba jambo moja. Mnapoifungua gari nyumbani, msitwambie twende tukasome. Tuiteni tushike taa, tufute nati, tuone. Walimu wetu nao nawaomba watupeleke siku moja uwanjani kutazama chini ya gari ya skuli, kwani kani na wenzo vimejaa pale. Na nyinyi wenzangu mnaoogopa kuchafua mikono, grisi hutoka kwa sabuni.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Makunduchi. Tulipofika kwenye matuta ya Jozani baba aliifunga redio, akashusha kioo, akasikiliza. Sote tulinyamaza. Hatukusikia kitu ila ndege wa msituni, na safari hii nilijua kwa nini.