Kalamu Kabla ya Nyundo

Ndugu katika imani, masika yanakaribia, na wengi wetu tumeanza kuyakagua mapaa yanayovuja. Anayekusudia kukarabati nyumba na aanzie juu: paa kwanza, kisha kuta na sakafu, rangi mwisho. Rangi iliyopakwa chini ya bati bovu haidumu.

Hata hivyo, kabla bati la kwanza halijang'olewa, mume na mke waketi, wahesabu kilichopo, wala karo ya watoto isigeuzwe saruji. Kisha wamwite fundi, waandikiane: kazi ipi, nani anunue vifaa, ujira kiasi gani na ulipwe lini.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Mbona basi twaona haya kuandikiana na fundi, eti kwa kuwa twaswali naye safu moja? Mashauri haya yafikapo mbele ya kamati ya msikiti, kila mmoja huapia kumbukumbu yake, na udugu huvunjika kwa bati kumi. Kuandikiana si kushukiana, bali ni kuulinda udugu huo. Na kazi ikikamilika, fundi asizungushwe. Alipwe haki yake siku hiyo hiyo.

Allah atuwafikishe. Amin.