Buku na Mia Tatu: Fidia ya Ajali Kazini na Bosi Anayeikalia



Leo tuiweke pembeni kidogo habari ya tume na daftari la wapiga kura, tuongelee vidole. Vidole vya vijana vinavyobaki kwenye mashine za viwandani, migongo inayovunjika kwenye maghorofa yanayojengwa, macho yanayoungua kwa cheche za kuchomelea. Kila mmoja wetu kitaani anamjua mtu wa namna hiyo. Muulize alilipwa nini, atakwambia bosi alilipa hospitali siku ya kwanza, akatoa elfu hamsini ya pole, halafu simu ikaacha kupokelewa.

Elfu hamsini ya pole sio fidia. Ni pesa ya kukunyamazisha. Na wengi wananyamaza kwa sababu hawajui kwamba Tanzania Bara kuna sheria inayowalinda.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008. Ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Shika mambo matatu.

Moja, mchango wote analipa mwajiri. Ukiona umekatwa pesa ya WCF kwenye mshahara wako, umeibiwa.

Mbili, huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alifanya uzembe. Inatosha kwamba umeumia, au umeugua, kwa sababu ya kazi yake.

Tatu, mafao hayaishii kwenye kidonda. Kuna matibabu, malipo ya kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao ili urudi kazini, posho ya mtu wa kukuhudumia kama hujiwezi, msaada wa mazishi, na pensheni kwa wategemezi ukifariki.

Sasa tupige hesabu. Chukua saidia fundi anayelipwa 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 260,000. Akivunjika mguu asiweze kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato chake, yaani 182,000 kwa mwezi, na yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Linganisha na elfu hamsini ya pole.

Na mwajiri anachangia shilingi ngapi kwa huyu kijana? Kiwango cha sasa ni asilimia 0.5 ya mshahara. Nusu asilimia ya 260,000 ni shilingi 1,300 kwa mwezi. Buku na mia tatu! Hata sahani ya wali na nyama kwa mama ntilie hupati. Bosi anayekwepa hiyo pesa hawezi kutwambia biashara ni ngumu. Ameamua tu kwamba mguu wa mtoto wa maskini hauna thamani ya buku na mia tatu.

Hapa serikali ya CCM nayo ina la kujibu. Mfuko ulipoanza, sekta binafsi ilichangia asilimia 1. Julai 2021 ikashushwa hadi 0.6. Julai 2022 ikashushwa tena hadi 0.5. Wakatwambia ni kuboresha mazingira ya biashara. Sawa, mwajiri amepunguziwa nusu. Na deiwaka wa kubeba zege kapewa nini? Zege ni lile lile na ngazi ni zile zile za mirunda.

Watakuja kwenye maoni kutukumbusha kwamba zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Ni kweli, na hatuoni haya kukubali ukweli. Chini ya sheria ya zamani tuliyorithi kwa mkoloni, fidia ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, na ya kifo 83,000. Mfuko wa sasa ni hatua kubwa. Ila hatua hiyo ina mlango, na ufunguo kaachiwa mtu yule yule anayefaidika mlango ukibaki umefungwa.

Angalia utaratibu. Ukiumia, unatoa taarifa kwa mwajiri. Mwajiri anatakiwa kuufahamisha Mfuko ndani ya siku 7. Asipofanya hivyo? Wewe uko wodini, simu haina salio, ndugu wanachangishana nauli. Msimamizi anakuja na matunda na maneno matamu: "Sema umeanguka nyumbani, kazi yako ipo." Miezi inakatika. Na dai linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12. Ukija kushtuka kwamba kazi haipo na mguu haujapona, muda nao umekutupa mkono.

Uongo mkubwa kuliko wote ni huu: "Wewe ni kibarua tu, huna mkataba, huna haki." Ndugu zangu, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema unadhaniwa kuwa mwajiriwa ikiwepo hata sababu moja tu kati ya zilizotajwa. Kwamba namna au saa zako za kazi anazipanga yeye. Kwamba unatumia vifaa vyake. Kwamba umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Deiwaka gani wa kiwandani hafikishi saa 45 kwa mwezi? Wengi wanazimaliza ndani ya wiki moja! Na mkataba wa maandishi ni wajibu wa mwajiri kuutoa. Kosa lake haliwezi kugeuka adhabu yako.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Kila mfanyakazi aweze kuhakiki kwa simu ya kitochi kama mwajiri amesajiliwa na anachangia, na kwa mshahara gani. Mshahara ukiandikwa pungufu, na fidia inakuwa pungufu.
2. Majina ya waajiri wanaokwepa yatangazwe hadharani, kama benki zinavyotangaza nyumba za wadaiwa.
3. Mwajiri akiwa hajajisajili, majeruhi alipwe kwanza, halafu Mfuko umfuate mwajiri kwa wanasheria wake.
4. Mkandarasi wa mradi wa umma asilipwe hata awamu moja bila kuonyesha kwamba vibarua wote wa saiti, pamoja na wale wa makandarasi wadogo, wamechangiwa.

Hayo ni ya kupigania. Ya kufanya leo ni haya. Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo, na iandike hata kwa meseji ili ushahidi ubaki. Hospitali sema ukweli kwamba umeumia kazini, na hakikisha daktari ameandika hivyo. Piga picha mashine, jeraha na daftari la mahudhurio. Tunza meseji za M-Pesa ulizolipiwa posho. Chukua namba za wenzako wawili walioshuhudia. Bosi akikaa kimya zaidi ya siku 7, usimsubiri. Nenda mwenyewe ofisi ya WCF au kwa Afisa Kazi wa mkoa, au mtume ndugu. Na usisaini karatasi yoyote ya "tumemalizana" ukiwa kitandani.

La mwisho ni kwetu wenyewe. Kila tawi la vijana lina mtu wa hamasa na mtu wa mitandao. Liwe pia na mtu mmoja anayejua hizi taratibu, wa kwenda na majeruhi hadi dirishani. Kijana aliyekatwa kidole Mabibo akisaidiwa na tawi letu kudai haki yake hatahitaji kuhubiriwa kwa nini nchi inahitaji mabadiliko. Atawahubiria wengine.

Tuma ujumbe huu kwenye magrupu ya kazini kwako. Bosi akiuona, vizuri zaidi.