Haki ya Vitimbi

Kwa Mhariri,

Naomba fursa nitoe rai yangu juu ya Vitimbi, mchezo wa kuigiza wa runinga ya KBC ambao vijana wetu wa Nyeri, kwa sababu ya picha zake zilizofifia, huudharau bila ya kuutazama. Juzi, katika bucha moja ya Karatina, mkata nyama alisahau kisu hewani akimsikiliza Mzee Ojwang' akizozana na Mama Kayai. Na ni ajabu kwamba marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang' na kufariki 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeimudu lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi mkubwa. Vichekesho vya leo vina ghasia nyingi, hadithi haba. KBC na waturudishie vipindi vya Vitimbi saa za jioni, tafadhali.

Wako mtiifu,
Msomaji, Nyeri