Kabla ya kuvunja paa ya eterniti, tujue tunachokivuta

Wandugu, sisi wenye diplome tusio na kazi, kibarua kikitokea hatuulizi mengi. Mwezi uliopita wenzetu wamoja walipata cha kubomoa paa la jengo la zamani hapa mujini. Nyundo, jua, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Jioni wakapewa franga zao, wakarudi nyumbani na nguo zile zile, wakabeba watoto. Hakuna mutu aliyewaambia kwamba eterniti ya zamani ni simenti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto.

Wabelgiji waliotuachia majengo ya aina hii, kwao walikataza eterniti yenye asbesto mwaka 1998. Jirani zetu wa Rwanda wana programu ya kuondoa paa hizo. Na sisi?

Bamba likivunjika, nyuzi ndogo sana zinaruka, tunazivuta. Zinakaa mwilini na zinaweza kuleta kansa inayoitwa mesotelioma. Mwaka 1960, Wagner na wenzake huko Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33, wengi wao waliishi au kufanya kazi karibu na machimbo ya asbesto.

Kansa hii iko na aina kufuatana na mahali inaposhika. Ya kwanza, iliyo nyingi kuliko zote, inashika ngozi laini inayofunika mapafu: maji yanajaa kifuani, pumzi inakata, kifua kinauma. Ya pili inashika ngozi ya ndani ya tumbo: tumbo linavimba, mutu anakonda. Mbili zingine ni za nadra sana: ya ngozi inayofunika moyo, na ya ngozi inayofunika korodani.

Waganga wanaangalia pia chembe zake. Za epitelioidi zinakubali matibabu kidogo zaidi. Za sarkomatoidi ni kali zaidi. Zikichanganyika zote mbili, wanasema bifasiki.

Ubaya ni huu: mara nyingi ugonjwa unatokea miaka 20 mpaka 50 baada ya vumbi. Aliyevunja paa leo na miaka 25 anaweza kuugua akiwa na 60. Atakohoa, watu watafikiri ni kifua kikuu, na aliyemulipa kibarua hatakuwepo tena. Ndiyo sababu wakubwa wananyamaza: deni hili halionekani leo.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Leta ihesabu majengo yote ya eterniti mujini, kuanzia masomo na hospitali. Mwenye kubomoa atoe maski za kweli za kuzuia vumbi, si kitambaa, na mabaki yazikwe, yasitupwe barabarani. Na waganga wawaulize wagonjwa wa kifua: ulifanya kazi gani zamani?

Tukingoja leta, sisi wenyewe tuanze. Paa iliyo nzima tusiiguse. Ikilazimika, tuimwagie maji kwanza, tufungue misumari polepole, tusipige nyundo, tusikate na msumeno. Tusifagie vumbi likiwa kavu. Nguo za kazi zisiingie nyumbani: wako wanawake waliougua kwa kufua tu nguo za mabwana wao. Na vipande tusivichukue kujengea jikoni.

Njaa tunaijua. Lakini franga za siku moja hazilipi pumzi ya maisha. Mwambie na mwenzako wa kartie.

Sisi, vijana wa Goma.